Mitetea Wangu Ishirini na Wawili Waliowika Ukweni

Duniani hapa hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeona ng'ombe akizaa ndama watatu, nimeona tajiri wa pamba akilala njaa, na nimetoka darasa la nne na baiskeli ya kuuza chumvi mpaka leo nina mashine mbili za kusaga hapa Bariadi na nyumba ya bati la buluu (ukipita utaiona, haijifichi). Lakini kuku wamenivua nguo, tena ukweni, tena mchana kweupe, na naandika mwenyewe kwa sababu wanaoisimulia hapa mjini wanaharibu, wanasema nililia. Sikulia. Moshi wa jikoni uliniingia machoni.

Mama mkwe wangu ni mjane, anakaa Lalago. Aliuza mbuzi wake wote wanne akanunua vifaranga arobaini, apate mayai ya kuuza, awe na hela yake asimwombe mtu. Walipofika wiki sita chakula kikamshinda, akamwambia mke wangu amtafutie bwana mifugo awachambue, mitetea wabaki, majogoo wauzwe. Hapo ndipo nilipojiponza. Nikasema, "Bwana mifugo wa nini na mimi nipo?" Maana mimi mnadani naangalia ng'ombe kutoka ng'ambo ya barabara nakwambia huyu ana mimba ya miezi mitano, sasa kuku ndiye anishinde?

Njia nilielekezwa na mtu mmoja mnadani (hata jina simjui, na namtafuta): unashika kifaranga miguu, unamning'iniza kichwa chini, akiinua kichwa kwa hasira ni jogoo, akitulia ni mtetea. Sasa kwetu Wasukuma mkwe hamkazii macho mama mkwe, wala mmoja hambishii mwenzake, kwa hiyo kazi niliifanya nimempa mgongo, yeye kakaa upande wa pili wa banda, kila nikitangaza "mtetea huyu, mayu" (yaani mama) ananijibu "Ehee, baba" basi. Mke wangu ndiye aliyenisumbua.

"Baba Kulwa, mbona huyu kilemba chake kikubwa?"

"Mtetea mzuri hujipamba," nikamwambia. "Wewe hujipambi?"

Nikapata mitetea ishirini na wawili na majogoo kumi na wanane. Hao kumi na wanane niliwapakia kwenye bodaboda, jioni ile ile muuza chipsi akawachinja wote.

Miezi miwili na nusu ikapita. Tukaitwa Lalago kupanga harusi ya shemeji yangu, ukoo mzima uani, wanakwaya wenzake mama mkwe nao wapo, wali umepakuliwa. Mzee Masanja, baba mkubwa wa mke wangu, akasimama kuombea chakula. Hajafika mbali, bandani akawika mmoja. Akafuata wa pili. Halafu wakapokezana wote, mpaka mzee akawa anaomba kwa kupiga kelele, akakatisha, akasema amina akakaa.

"Mkwe," akaniita, "si ulisema hawa ni mitetea?"

Hapo mtu mwenye akili angesema nilikosea, tukacheka, tukala. Mimi nikasema, "Ni mitetea, baba. Mbegu hii huwika."

Nilisahau niko wapi. Pale mtetea akiwika ni mkosi, maana yake kuna mtu wa mji ule anaondoka duniani, au kuna mtu wa mji ule anaondoa wenzake kwa uchawi.

"Mmoja tu humaliza nyumba," akasema Mzee Masanja, sahani kaiweka chini. "Ishirini na wawili ni kata nzima."

Na kuku ni wa nani? Wa mama mkwe. Mwanakwaya mmoja akavuta kiti chake kidogo pembeni, mwingine akachukua mkoba wake, shangazi mmoja akasema pengine ni vizuri huyu mama akalale kwingine kwanza mpaka mji usafishwe. Mama mkwe kakaa peke yake kwenye mkeka, anaangalia mikono yake. Nami naona yote, na nimenyamaza, kwa sababu kusema ilikuwa ni kukubali kwamba mimi, mwenye mashine mbili, simjui kuku.

Akaitwa mfumu, mganga wa jirani, ambaye kwetu humpasua kuku na kusoma ndani yake kilichoupata mji. Akachagua mmoja, akamchinja, akampasua, akainama, akakaa hivyo muda mrefu mpaka watoto wakaacha kutafuna.

"Nani amesema huyu ni jike?"

"Mkwe," wakajibu.

"Mkwe wa wapi?"

"Wa Bariadi."

Akatoa vitu viwili vyeupe kama maharage makubwa, akaviweka kwenye kiganja, akavizungusha kila mtu aone, akaanzia kwangu. "Mkosi sijauona," akasema. "Nimeona mapumbu. Ya jogoo hukaa ndani, mgongoni. Leteni mwingine."

Nikasema basi inatosha, mganga. Akasema mambo ya mji hayapimwi kwa kuku mmoja. Akapasua wa pili. Yakatoka makubwa zaidi.

Walicheka mpaka Mzee Masanja akashikiliwa asianguke. Hata mtu aokote vifaranga kafumba macho angepata mitetea kumi. Mimi sikupata hata mmoja, nadhani hicho nacho ni kipaji. Kelele zilipotulia mama mkwe akanitazama usoni, mara ya kwanza katika miaka kumi na saba.

"Baba, mimi nilijua hata mwezi haujaisha. Lakini mkwe hasahihishwi."

"Sasa mayu, walipokuwa wanahamisha viti, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme."

Hapo ndipo moshi uliponiingia machoni.

Sasa mtu akiniletea kuku namwambia mimi ni mtu wa ng'ombe, na kama hajui jinsia yake asubiri awike au atage. Wazee walinitoza mbuzi wa kumwomba radhi mama mkwe, mfumu akataka chake kwa kuku wote wawili, na gulioni nikanunua mitetea ishirini na wawili wanaotaga, kila mmoja akichaguliwa na mama mkwe mwenyewe, mimi nimebeba tenga nyuma yake. Jumla ilinigharimu shilingi laki sita na elfu hamsini na tisa, na mia tano ya mfuko.