Filimbi ya Pili ya Muzee Léon

Zamani mtu wa Bunia akisikia filimbi ya bendera alisimama papo hapo, hata kama mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya baiskeli. Filimbi ya kwanza: simama. Bendera ikifika juu, filimbi ya pili: endelea. Muzee Léon, mpandisha bendera wa mji, alizipiga uwanjani miaka thelathini, viatu viking'aa, shati halina mkunjo.

Vita ikaleta bendera nyingi kuliko mashati yake. Kila kundi lililoteka mji lilikuja na kitambaa chake, naye Léon akavipandisha vyote, akinuna.

Komanda wa safari hii alitangaza kwa kipaza sauti: atakayetikisika kabla ya filimbi ya pili, fimbo kumi, hata awe nani. Kesho yake asubuhi askari wake wakakamata wanawake sita wauza samaki waliokataa kulipa takse ya tatu kwa wiki moja, wakawapakia kwenye lori kuwapeleka kambini, ambako wengi waliopelekwa hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Gertrude, mke wa Léon.

Lori likaingia uwanjani. Léon akapuliza. Dereva akafunga breki. Wapita njia, askari na bunduki zao za saluti, komanda na mkono wake kwenye paji la uso, wote wakaganda. Bendera ikapanda nusu, ikakaa hapo.

"Muzee, kuna nini?" komanda akanong'ona.

"Kamba iko imekwama, Komanda."

"Piga filimbi!"

"Sheria yako, Komanda. Bendera haiyafika juu."

Watu wakazidi kuingia kutoka sokoni, nao wakasimama, mpaka uwanja ukajaa pomoni. Jua likapanda, bendera hapana. Inzi akatua puani pa komanda. Kisigino chake kikainuka.

"Fimbo kumi!" akaita mama mmoja nyuma.

"Fimbo kumi, Komanda!" uwanja mzima ukaitikia, bila mtu kutikisika. Askari wawili wakauma midomo wasicheke.

"Unataka nini, muzee?"

"Miye? Hakuna kitu. Kamba ndiyo iko inaangalia lori."

Komanda akageuzia lori macho. "Bamama, mushuke. Muende. Hakuna fimbo."

Wakashuka wote sita. Kamba ikalegea yenyewe, filimbi ya pili ikalia, na kelele za furaha zikasikika mpaka barabara ya Bogoro.

"Na mbuzi wetu nyumbani, umemwachia nani?" Gertrude akamuuliza mumewe.

Jioni ile komanda akapiga marufuku filimbi kabisa. Tangu hapo watu hupita chini ya bendera kama chini ya nguo zilizoanikwa, wakitafuna muhogo. Wa kwanza kupita, kesho yake, alikuwa Gertrude, beseni la samaki kichwani. Bendera ilipofika juu bila filimbi, Léon akasimama wima, peke yake.

"Baba, chai inapoa!" mkewe akamwita, bila hata kugeuka.