Kura ya Bondeni

Kabla hajawa diwani alikuwa fundi baiskeli, na hata baada ya kuchaguliwa watu waliendelea kumwita Spoku, kwa wembamba wake. Kila aliyemletea tairi la kuziba alileta na malalamiko: taa za barabarani haziwaki, jalala limefurika, bomba limekauka. Naye alisikiliza huku akitafuta tundu kwenye beseni la maji. Siku moja dada yake akamwambia, "Mdogo wangu, masikio unayo. Gombea."

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Spoku akiwa bado ananyonya, na dada, msichana wa miaka kumi na mitatu, akaacha shule akambeba mgongoni. Alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka, hatimaye akajenga nyumba ya vyumba viwili bondeni, kando ya mfereji mkubwa. Wakati wa kampeni alipita mlango kwa mlango. "Huyu nimemlea mimi. Akiwadanganya, nileteeni nimchape." Watu wakacheka, wakampa kura.

Spoku alifanya kazi kwa moyo. Taa zikawaka, zahanati ikapata chumba cha kujifungulia. Vikaoni alivaa koti lilelile la kijivu, ambalo dada ndiye aliyelipiga pasi.

Kisha ikaja mvua ya siku tatu. Mfereji ukavunja kingo, ukamzoa mama mmoja na wanawe wawili, jirani wa dada ukuta kwa ukuta. Mhandisi wa jiji akaleta ramani barazani: nyumba arobaini na moja lazima ziondoke, maana maji yatarudi. Madiwani wakagawanyika nusu kwa nusu.

Siku moja kabla ya kura Spoku alikwenda kwa dada.

"Wale watoto niliwatoa matopeni kwa mikono hii," akasema. "Siwezi kukutoa na wewe hivyo."

"Na mimi hii nyumba nimeijenga kwa mikono hii."

"Mtapewa viwanja, dada."

"Huko mwisho wa jiji, nisikomjua mtu? Kesho usinyooshe mkono. Nimewahi kukuomba nini mimi?"

Kweli, hakuwahi kumwomba kitu.

Kesho yake mkono wa Spoku ulipanda. Hoja ikapita kwa kura moja.

Tingatinga lilipofika, dada alikuwa ameketi nje juu ya godoro lililofungwa kamba. Spoku akainama amsaidie kulibeba.

"Acha, Mheshimiwa," akasema. "Wabebaji wapo."

Tangu hapo hakumwita tena mdogo wangu. Kila Jumapili Spoku alisafiri kwenda kumwona, na kila Jumapili alipewa kiti kizuri kama mgeni rasmi. "Asante kwa kututembelea, Mheshimiwa." Afadhali angemtukana. Mpwa wake alimsindikiza hadi kituoni akimfariji: "Mjomba, vumilia. Hasira ya mama ni moto wa pumba, hauwaki wala hauzimiki."

Uchaguzi uliofuata Spoku akaanguka vibaya. Akaenda kumwambia dada, moyoni akidhani labda sasa yamekwisha.

"Mimi si mheshimiwa tena, dada."

"Ukishakuwa, umekuwa," akajibu, akaendelea kukunja nguo.

Mwaka haukupita, presha ikamlaza dada hospitali. Spoku alikaa kando ya kitanda siku mbili, ameushika mkono wake. Dada hakuuondoa. Siku ya tatu asubuhi akafumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu.

"Nenda kapumzike, Mheshimiwa," akasema. Hakusema tena neno lingine.

Masika yaliyofuata maji yalirudi, makubwa kuliko yale ya kwanza. Yalilifunika bonde zima. Hakufa mtu.

Mhandisi akampigia simu Spoku, aliyekuwa amerudi kwenye kibanda chake cha baiskeli. "Tuliokoa watu zaidi ya mia mbili, mzee! Ungeona kina cha maji pale!"

"Nimeona," Spoku akajibu.

Alikuwa ametoka huko. Alisimama ukingoni tangu alfajiri, akilia peke yake. Mtu mmoja tu ndiye ambaye Spoku alitaka aje ayaone maji yale, na huyo alikwisha kumzika.