Mtoto Niliyembeba Mwamkulu

Ninayoyasimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, nikiwa nimeshiba na sina homa. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila ninayemweleza huanza kwa kuniuliza kama nilikuwa na malaria. Sikuwa nayo. Mimi ni fundi cherehani hapa Shanwe, Mkatoliki wa kuzaliwa, na mambo ya mizimu nilikuwa nayacheka waziwazi, tena mbele ya wenyewe. Siku hizi sicheki. Lakini msidhani nimekuja kuwaambia njia ipi ni ya kweli, maana hilo ndilo silijui kabisa.

Mdogo wangu Editha ameolewa kijiji cha Mwamkulu, kwenye familia ya Wakonongo wanaolima mpunga. Alijaliwa mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Kabla hawajatimiza miaka miwili, Kulwa alishikwa na kichomi. Alikohoa, akakohoa, mwisho akawa hana hata nguvu ya kukohoa, akafia mgongoni kwa mama yake wakiwa njiani kwenda hospitali. Editha alitembea naye kipande kirefu bila kujua kwamba amebeba maiti.

Nilipofika msibani nilikuta kimya. Nikafungua mdomo nilie kama watu wanavyolia, mama mkwe wake akanivuta pembeni.

"Mwanangu, kwetu pacha haliliwi," akaniambia. "Mkimlilia anarudi kumchukua mwenzake. Nyie nyamazeni tu."

Tukanyamaza. Yule mama akaleta kibuyu kidogo, akakilaza kitandani ubavuni kwa Doto. Ndiyo desturi yao: kibuyu kinashika nafasi ya aliyekufa, ili aliyebaki asijione yuko peke yake. Doto akilishwa uji, kibuyu nacho kinapakwa uji mdomoni. Doto akiogeshwa, nacho kinapanguswa. Pasaka moja, mwaka wa pili tangu msiba, nilimshonea Doto gauni la njano lenye maua meupe, na kitambaa kilichobaki nikakishonea kibuyu kigauni chake. Nilikishona huku nacheka, siwafichi, lakini nilikishona vizuri, hadi pindo. Niliona kinampa mdogo wangu kitu cha kushika.

Shida ni kwamba Editha alikuwa hapati usingizi. Mtu aliyefiwa na mtoto halafu akakatazwa kulia, machozi yake yanaenda wapi? Akaanza kwenda kwenye maombi, kanisa moja la walokole ambalo sitalitaja jina. Huko wakamwambia kile kibuyu ni mlango wa shetani na kwamba asipokitoa, shetani atamchukua na Doto. Siku hiyo alinijia Shanwe, akakaa kwenye stuli pembeni ya cherehani yangu.

"Dada, mama mkwe anasema nikikiacha kibuyu Doto atakufa. Mchungaji anasema nikikishika Doto atakufa. Nifanyeje?"

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi naona ni Kulwa," akasema. "Lakini Doto ndiye aliyebaki."

Nilimwambia amwachie Mungu, maneno yale tunayoyasema tukiwa hatuna la kusema. Jumapili iliyofuata akakipeleka kibuyu, kikachomwa pamoja na hirizi za watu wengine, na kigauni chake juu. Editha alipotaka kulia pale kwenye moto wakamwambia apige makofi, maana machozi ni kukosa imani. Akapiga makofi. Alinisimulia mwenyewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia habari za sokoni.

Mama mkwe hakugomba. Alianza tu kulala chumba kimoja na Doto, akimlinda.

Sasa sikilizeni. Haukupita muda mrefu nikaenda kuwaona. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, majaruba yamekauka, na bodaboda alinishusha barabarani nikakata kwa miguu juu ya matuta. Saa saba mchana. Hapakuwa na mtu shambani, wala mnyama, wala kivuli cha kujificha. Mbele yangu kwenye tuta amekaa mtoto, kanipa mgongo. Gauni la njano, maua meupe. Gauni nimelishona mimi, nitalikosea vipi?

"Wewe Doto! Jua lote hili, nani kakuacha huku?"

Aligeuka, akanyoosha mikono abebwe. Uso ulikuwa wa Doto, na miguu ina vumbi hadi magotini, kama ya mtu aliyetoka mbali. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge changu, huku nikipanga maneno ya kwenda kumwambia Editha, maana nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Mtoto alikuwa mzito wa kutosha, uzito wa mtoto yeyote wa umri ule. Kitu pekee kilichonishangaza ni kwamba kwenye jua lile mwili wake ulikuwa wa baridi. Niliona raha, nikadhani ana jasho.

Njiani alisema, "Mama mkubwa, nimechoka kutembea."

"Umetoka wapi?"

"Kule."

Baada ya hapo akauliza, "Mama amepika nini?"

Nikamwambia bila shaka ni ugali na dagaa. Akameza mate, nikasikia kabisa. Halafu akaegemeza kichwa begani kwangu, na kwa pumzi yake nikajua amelala.

Nilifika uani nikiwa nahema. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na gauni la njano lenye maua meupe, limetoka kufuliwa, linachuruzika maji. Nikalitazama. Mlango ukafunguliwa, akatoka Doto, kavaa gauni jekundu, anatafuna muwa.

Niaminini, mgongoni bado palikuwa na uzito.

Nikafanya anachofanya mwanamke yeyote aliyebeba: nikainama, nikafungua fundo nimshushe mtoto. Kitenge kikaanguka chini, kitupu. Hapakuwa na kitu chochote ndani yake. Lakini begani kwangu palikuwa pamelowa, yale mate yanayowatoka watoto wakilala.

Doto alitazama kile kitenge, akauliza, "Kulwa ameenda wapi tena?" Bibi yake akatoka mbio, akamnyanyua, akamwingiza ndani na kufunga mlango.

Editha alitokea jikoni. Nikamweleza yote. Nilitegemea akemee kwa jina la Yesu, au azimie, au anifukuze. Alikaa chini kwenye vumbi, akakishika kile kitenge.

"Alikuwa anakohoa?"

"Hapana. Hakukohoa hata kidogo."

"Amekua?"

Hilo lilinikata maini. Nikamwambia amekua, analingana na mwenzake.

"Hajala," akasema. Ndipo akalia. Alilia kilio cha miaka yote ile, kichwa kwenye kitenge changu, na bibi mle ndani akaanza kupiga kelele kwamba anyamaze, anamuua Doto. Hakunyamaza. Nilikaa naye chini nikalia pia, na sikuona aibu.

Doto hakufa. Yuko chekechea sasa, mtundu, ana afya. Kwa hiyo bibi alikosea, na mchungaji naye alikosea, au wote wawili walipatia kwa namna nisiyoijua. Nimeshaambiwa kila kitu. Wanakwaya wenzangu wanasema ni jua. Mchungaji anasema ni pepo aliyejivika sura. Bibi anataka kibuyu kipya. Wote wana majibu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mtoto alikuwa na njaa.

Editha ameacha maombi, na kibuyu kipya amekikataa. Kila siku ikifika saa saba anachukua kitenge, anakwenda kukaa kwenye lile tuta. Hajamwona hata mara moja. Nikienda kwake tunaongea mambo ya mpunga na ada ya Doto, lakini najua analotaka kuniuliza, na siku moja aliniuliza: "Kwa nini wewe, dada? Kwa nini alikuja kwako?" Tangu hapo hatujakaa vizuri, na nadhani hatutakaa vizuri tena.

Kuna majirani wameanza kunong'ona. Mwanamke anayekaa peke yake shambani mchana na kitenge kitupu mgongoni, watu wa kwetu wana neno lao kwa mtu huyo, na mnajua neno hilo limeshawafikisha kaburini akina mama wangapi. Ukipita Mwamkulu ukamwona, msalimie, upite zako. Neno hilo usilitamke.

Na wewe, ukikuta mtoto peke yake kwenye matuta mchana kama ule, sikwambii umkimbie wala umwombee. Mbebe. Ila ukifika uani usifanye haraka ya kumshusha kama nilivyofanya mimi. Mwite kwanza mama yake atoke nje, ndipo ufungue kitenge.