Chokaa ya Makombe

Mama yangu alipoteza jicho la kushoto kwa kostiki soda, nikiwa darasa la sita. Alikuwa akipika sabuni ya kipande uani kwetu Barani, na siku hiyo akamimina maji juu ya soda badala ya kutia soda ndani ya maji. Ikachemka ikamrukia. Tangu hapo hakugusa soda bila kuvaa miwani ya kuchomelea vyuma, hata kama ni kijiko kimoja. Majirani walimcheka, nami nikacheka pamoja nao, maana nilikuwa mtoto mpumbavu.

Nilisomea kemia kwa sababu ya jicho lile. Nikilisema hilo mikutanoni watu hupiga makofi, nami huwachukia wanapopiga. Lakini ni kweli.

Kostiki soda haiishii kwenye sabuni. Hiyohiyo ndiyo hutumika kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa dizeli. Huyeyuka humo, huipati tena, na dizeli lazima uioshe kwa maji mengi, kisha maji hayo machafu yanamwagwa mtaroni. Mimi nilitaka kichocheo kigumu: unga unaokaa ndani ya mafuta, unafanya kazi yake bila kuyeyuka, unauchuja kama majani ya chai na kuutumia tena. Niliupata kwenye makombe ya chaza yanayotupwa nyuma ya mikahawa. Ukiyachoma kwenye tanuri kali sana, yanageuka chokaa, na chokaa hiyo inaifanya kazi ya soda vizuri tu. Nilipoona mara ya kwanza imefanikiwa, kule maabara Kilifi, nilikaa chini nikalia kwa furaha. Nilijiona nimemlipizia mama kisasi.

Nikampelekea kopo moja nyumbani. Alilifungua, akalisogeza karibu na jicho lake zima.

“Hii si chokaa hii, mwanangu?”

“Ni chokaa, mama.”

“Ile ya tambuu?”

“Ndugu yake.”

Tukacheka. Chokaa ya tambuu imeshalowekwa maji ikapoa, ndiyo maana watu wanaitia mdomoni. Yangu ilikuwa bado, na ikikutana na maji hutoa joto kali la kuunguza. Tofauti hiyo ndiyo kazi yangu, ningeweza kuieleza usingizini. Sikuieleza. Nilikuwa na haraka, na zaidi ya hapo nilipenda kumwona hana hofu.

Nilichomwambia ni kitu kimoja tu: isiguse maji. Hata tone. Hata hewa yenye unyevu, na pwani hii ina hewa gani nyingine? Ikilowa inakufa, haigeuzi mafuta tena. Nilimrudilia maneno hayo mpaka akawa ananitangulia: “Isiguse maji, najua, usinichoshe.” Niliiogopea chokaa yangu. Jicho lake halikunijia akilini, na hilo silisemi kwa kujionea huruma, nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ulipofika wakati wa kujaribu pipa zima la mafuta, mashine ya kusagia pale maabara ilikuwa na foleni ya wiki kadhaa. Nilikuwa nimeshachoma makombe gunia zima. Mama akasema nimletee.

“Nimetwanga mahindi tangu usichana wangu Vitengeni, makombe ndiyo yatanishinda?”

Nikamwachia kinu, chekeche na makopo ya kufunga. Asubuhi ile, nikitoka, niliiona miwani yake imening'inia msumarini. Niliiona vizuri. Nikapita.

Saa tano jirani yetu alinipigia simu. Alikuwa ametoka sokoni, amemkuta mama kaketi kwenye kibao chake, kajifunika jicho kwa leso.

“Upepo umempeperushia unga wako,” akasema. “Amekaa hivi muda mrefu sana. Kasema usisumbuliwe kazini. Nampa maji hataki.”

Nilipiga kelele hadi wenzangu wakageuka. Jirani akamwekea mama simu sikioni.

“Mama, jimwagie maji! Mengi!”

“Si ulisema isiguse maji?”

“Hiyo ni ya kwenye kopo, mama! Jicho lioshe!”

Akasema polepole, kama mtu aliyekosea kusikia maagizo dukani, “Haya basi.” Nikasikia maji yakimwagika.

Alikuwa amekaa hivyo tangu saa tatu, akijipangusa kwa ncha ya leso, maji yamejaa mtungini hatua mbili tu kutoka alipo. Maji yaliwahi kumchoma jicho la kwanza. Mwanawe msomi akamwambia yasiguse hii nayo. Angeyaaminije?

Hospitalini walilisafisha jicho lililobaki kwa muda mrefu sana. Daktari akauliza mbona halikuoshwa papo hapo. Nilijibu kwamba sijui. Mama alikuwa kitandani pale pale, akanisikia, na hakunisahihisha.

Sasa huona mwanga tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Huwaambia wageni kwamba ni mkono wake wenyewe uliokosea. Simkatizi.

Yale makopo aliyokwisha kujaza kabla ya upepo, niliyatumia. Watu hutarajia niseme niliyatupa. Sikuwa na mengine, na siku ya jaribio ilikuwa imefika. Chokaa yake ilikuwa safi, laini kuliko ya mashine. Pipa likageuka dizeli, tukachuja, tukarudia, ikafanya kazi tena. Nikapongezwa.

Kitabu cha utafiti wangu kilipotoka kwa mjalidi, mama alitaka nimsomee. Humsomea kila kitu siku hizi, hadi karatasi za dawa. Nikakaa karibu naye uani, namtafsiria ukurasa baada ya ukurasa, naye anaitikia. Nikafika penye maelezo ya kuhifadhi: chokaa hii ikae pakavu, isiguse maji kabisa.

Akainua mkono.

“Hapo ungeongeza,” akasema. “Isipokuwa ikimwingia mtu jichoni.”

Nikamwambia nitaongeza. Alinyoosha mkono akalishika jalada, akalipapasa na kusema ni gumu, zuri.