Mgambo Niliyemnadi Alimfungia Mdogo Wangu Stoo

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mwenye uwezo wa kukamata ana uwezo wa kuadhibu pia. Admin, nifichie jina. Nina miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, naishi Wilaya ya Ikungi, jirani na Sepuka.

Mgambo ni raia kama mimi na wewe. Sheria imemwazima sehemu ndogo tu ya kazi ya polisi: akukamate, akufikishe kituoni upesi. Basi. Hayo nilitakiwa kuyasema nilipoombwa kuwasomea wananchi sheria hiyo mkutanoni. Nikasoma uwezo wa kukamata. Mipaka yake nikairuka, maana jua lilikuwa kali na watu walishaanza kunyanyuka. Kisha nikamnadi Elia, mume wa binti yangu, awe mgambo wa kijiji. Wakampitisha kwa makofi.

Mwezi uliopita mbuzi wa mdogo wangu Jumanne waliingia kwenye alizeti ya mtu. Kwetu jambo hilo huishia shambani: wazee wanapita, wanakadiria hasara, mwenye mifugo anafidia kwa nafaka, watu wanapeana mikono. Safari hii mwenye shamba alimwita Elia.

Niliwakuta njiani mchana, Jumanne kafungwa mikono kwa kamba.

"Shikamoo, baba," Elia akanisalimu, kainamisha kichwa kwa adabu zote, kamba kaishika yeye.

"Elia, huyu ni mkweo!"

"Ni mtuhumiwa, baba. Si wewe uliyetusomea sheria?"

Jumanne akacheka kwa uchungu. "Kaka, mwambie basi anikune pua, inawasha."

Hakufikishwa polisi. Alikaa siku mbili ndani ya stoo ya mbolea ya kijiji, na ana pumu. Sasa yuko hospitali, anapumulia oksijeni.

Polisi wananitaka kesho nikaandike maelezo. Binti yangu, mjamzito wa miezi saba, analia: "Baba, ukiandika, mwanangu atazaliwa baba yake yuko mahabusu." Mke wa Jumanne naye hataki hata salamu yangu. Nina hasira na Elia, na nina hasira na waliompa mtu uwezo wa kukamata jirani zake bila kuweka wa kumsimamia. Nami nilishangilia.

Nishaurini, niandike maelezo au nimhurumie binti? Na wewe unayesoma, leo hii mpigie simu mwenyekiti wa kijiji au mtaa wako, umwulize mgambo wake wanawapeleka wapi watu wanaowakamata.