Mashine Iliyonifulia Uzazi Wangu wa Kwanza

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta Morogoro mjini, nyumbani kwa mume, na hofu yangu ilikuwa moja tu: nikijifungua, nani atanilea? Kwetu mtoto wa kwanza unakwenda kumzalia kwa mama yako. Mimi mama alishafariki. Bibi aliyenikuza yuko Mgeta, huko juu mlimani, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kuukataa mteremko.

Nilichokuwa nacho ni wanawake wa mtoni, yaani majirani zangu wa mtaa ule. Asubuhi tulishuka pamoja Mto Morogoro, mabeseni kichwani. Nyumba yetu ilijaa watu: mume, mama mkwe, mashemeji na mawifi waliokuwa wakisoma, na wageni wa kutoka milimani waliokuja hospitali wakafikia kwetu mpaka wapone. Nguo zao zilikuwa hazina mwisho, lakini mtoni sikuzihisi. Tulifua huku tunataniana, tunawasema waume zetu, tunaulizana nani kapata sabuni na kaipatia duka gani, maana miaka ile sabuni ilisakwa kama mwizi.

Niliyempenda kuliko wote alikuwa jirani yangu wa nyumba ya tatu, mama wa watoto wanne, mfupi, mdomo haulali. Siku niliyotapika pale mtoni yeye alijua kabla yangu. Alininawisha uso, akaniambia, "Usiwe na wasiwasi wewe. Ukijifungua, nguo zako ni zetu. Kazi yako kunyonyesha."

Haikuwa ahadi ya kunibembeleza. Pale mtaani mzazi hakugusa maji ya kufulia mpaka arobaini ipite. Wenzake walikuja kila siku kuchukua nepi na mashuka, na hata waliogombana naye walikuja. Tangu siku ile nililala usingizi.

Basi mume wangu akaleta mashine ya kufulia. Alikuwa fundi kiwandani, na mtaalamu mmoja wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake alimwachia wakati anarudi kwao. Ilikuja kwa mkokoteni, watoto wa mtaa mzima wanaifuata. Lilikuwa pipa jeupe lenye miguu minne, na juu yake roli mbili za mpira za kukamulia. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, nasema ukweli. Aliona tumbo linakua na mabeseni yanaongezeka, akataka kunipunguzia mzigo. Ila jamani, mwanamume akikuhurumia bila kukuuliza, utajuta.

Akapiga marufuku mtu mwingine kuigusa, asije akapigwa na umeme. Kwa hiyo kila nguo ya nyumba ile ikawa yangu mimi na pipa lile, kutwa mara mbili, mara nyingine tatu. Nilijaza maji kwa ndoo, maana bomba lilikuwa linadondosha tu. Sabuni ya mche niliikwangua kwa kisu iwe laini, la sivyo mapande yalinata kwenye nguo. Nilipekua mifuko ya mashemeji, nikatoa misumari, visoda, na safari moja panzi mzima. Nililikunjia gunia chini ya miguu, kwani likianza kuzunguka lilikuwa linatembea kuelekea mlangoni kama lina safari yake. Kila nikimaliza nilizoa mchanga uliobaki chini, nikakausha zile roli, nikaiacha ipoe kabla ya awamu nyingine. Nilikuja kuijua kuliko nilivyomjua mume wangu. Lakini haikuwa na neno la kuniambia.

Majirani walianza kwa utani, wakaniita mke wa umeme. Balozi wa nyumba kumi alikuja akaizunguka, akauliza kama katika nchi ya ujamaa haifai iwe ya wote. Mume wangu akacheka, akamkaribisha chai. Kisha jirani mmoja akaomba kuleta mashuka yake tu, na mume wangu akasema mashine itakufa. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na sikuulizwa. Baada ya hapo waliteremka mtoni bila kunipitia. Nilisikia vicheko vyao vikipita nyuma ya ua, nikatamani kutoka na beseni hata la nguo safi.

Nilijifungua mtoto wa kike. Majirani wakaja, kusema hawakuja ni kuwasingizia. Walileta uji, walimpakata mtoto, walimsifia pua. Nikawa nasubiri mtu aulize, nepi ziko wapi? Hakuuliza mtu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akimwogesha mtoto vizuri kabisa, aliwaambia kwa majivuno, "Sisi huku hatusumbui watu. Tuna mashine." Wakaitikia kwamba ni kweli, nimebahatika. Wakaaga.

Siku moja akaja yule rafiki yangu, peke yake, beseni lake la nguo kaliacha nje. Alikaa kitandani kwangu, akanikanda miguu, akanichekesha mpaka mishono ikaniuma. Beseni la nepi zangu lilikuwa karibu na mlango, limefurika. Alipoinuka kuondoka alilitazama. Akainama, akalibeba, akatoka nalo.

Nilifurahi, Mungu ndiye anajua. Nikajisemea, sikuachwa. Nikamkumbatia mtoto wangu nikimwambia mama zake wakubwa wamekuja.

Akarudi anajifuta mikono kwenye kanga. "Nimekusogezea pale kwenye mashine, mdogo wangu," akasema. "Usije ukabeba mzigo na wewe bado mbichi."

Ningemjibu nini? Nimwambie nifulie kwa mikono, na mashine ipo? Angeniona nina kiburi. Na nepi hazikuwa shida yangu. Nilitaka wagombanie nguo zangu uani kwangu, wanisengenye nikiwasikia. Yeye alitenda wema, na usoni mwake niliuona. Nikamwambia ahsante. Akajitwika beseni lake, akashuka mtoni kwa wenzake.

Nikamkabidhi mama mkwe mtoto, nikaenda nikaanza kukwangua sabuni. Nililia palepale mbele ya pipa lile, na nilipowasha mashine, ngurumo yake ikanifunika, hakuna aliyenisikia.