Mwarobaini Ndani ya Debe

Jana asubuhi nilikuwa nafagia majani ya mwarobaini uani kwangu, hapa Hai Malakal jijini Juba, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka Molo, kwa mama jirani aliyetutunza wakati wa ukimbizi: mwarobaini wa bibi umekauka kwa baridi. Basi. Niliacha ufagio nikakaa chini. Najua unacheka. Juba hii mwarobaini ni kivuli cha waendesha boda, nani anaulilia?

Ngoja nikueleze. Haboba, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, alitoka Rejaf akikimbia vita na mbegu zake kwenye fundo la kitenge. Akazipanda Molo, Kenya, kwenye nchi ya viazi na kabeji, ambako asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi. Uliota mmoja tu, na haukuwahi kuwa mti. Kila msimu alikata ncha zake usigonge dari, ukabaki kichaka ndani ya debe la mafuta. Mchana debe lilitolewa juani, jioni likaingizwa ndani, limefungwa gunia kama mtoto mchanga. Nikipata homa alinichemshia majani yake. Uchungu ule bado nausikia nyuma ya ulimi, na kiazi cha moto chenye chumvi alichonipa baadaye kunibembeleza.

"Hii ikikufa, mimi pia nakufa hapa hapa," alizoea kusema, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imeisha. Mimi niliamini. Kila asubuhi kabla ya chai niliutazama mwarobaini, halafu nikatazama kifua chake kama kinapanda.

Siku moja ilinyesha mvua ya mawe. Mama yangu alikuwa kibaruani. Nilirudi kutoka shule nimelowa, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani na matambara yamesokomezwa chini yake. Nikaita, nikaita tena. Harufu ya makaa ilipenya kati ya mbao. Nikapiga mayowe mpaka mama jirani akaja mbio na jembe.

"Shosho! Shosho, fungua!" aliita; ndivyo bibi anavyoitwa kule Molo.

Akavunja komeo. Haboba alikuwa sakafuni kando ya debe lake, na jiko la makaa linawaka karibu yao. Alikuwa ameziba kila tundu ili mmea upate joto. Tulimburuta hadi nje kwenye nyasi. Sijawahi kuogopa vile. Hata risasi za nyumbani sikuziogopa vile, maana siku hizo nilikuwa mgongoni mwake.

Alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Iko mzima?" Mama jirani akamkaripia huku analia, eti angekufa kwa sababu ya majani.

Amani ilipokuja, mimi na mama tulirudi Juba. Yeye akakataa. Hawezi kuuacha mwarobaini wake peke yake na baridi, alisema. Tukamwambia huku miarobaini imejaa hadi barabarani. Akajibu kwamba ya huku haimjui. Mama jirani akabaki kumwangalia.

Kwa hiyo jana nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, naogopa kupiga. Nilipopiga iliita, ikaita, nikaanza kusali. Kisha nikasikia akikohoa.

"Haboba, uko?"

"Mimi iko." Akakohoa tena. "Lakini yeye imekufa. Kuja unichukue."

Miaka yote nimembembeleza arudi. Sasa amekubali, nami naogopa kuliko siku ile ya mlango, kwa sababu maneno yake ya zamani sijayasahau hata moja. Nimeshakata tiketi ya basi. Chumba kile cha mbao kitapata wapangaji wengine, na debe lile mtu atachotea maji, asijue lililala ndani ya gunia.

Uani sijafagia tena. Majani yameanza kujaa hadi mlangoni, na nimeyaacha yajae. Mungu wangu, nataka tu ayakute.